Kitanda cha Chumba Namba Kumi na Nne

Dada yangu Zuhura,

Assalamu alaykum, na amani iwe juu ya hicho chumba chako ambacho sijakiona.

Barua yako ya mistari saba imenifikia hapa Matrah. Imeletwa na mfanyabiashara mmoja wa Mombasa, ndani ya gazeti lililokunjwa, na nimeisoma mara nyingi kuliko maneno yaliyomo. Nimechelewa kujibu. Unanijua: huandika rasimu, nikaandika nakala safi, kisha nikaichana ile nakala. Lakini mara hii si woga peke yake. Kuna safari niliyokwenda mwezi wa tatu ambayo sijamhadithia mtu, na bila ya kukuhadithia hiyo sitaweza kukujibu.

Kazi yangu unaijua. Ni karani wa Sheikh Saleh, anayewauzia pampu za maji wenye mashamba ya mitende. Chini ni ghala, juu ni ofisi, na nyuma ya ofisi pana chumba nilalamo. Napiga taipu barua zake za Kiingereza na kumsomea zinazokuja. Usichokijua, kwa kuwa sijapata kukuandikia, ni jinsi ninavyoogopa. Nchi hii ni ya babu zetu, lakini sisi tuliozaliwa Unguja tumeingia kama mtu aingiavyo ukumbi wa watu, viatu mkononi. Kila kitu kina ruhusa yake. Kutoka nchini kuna ruhusa, kurudi kuna ruhusa nyingine, na wako waliopewa ya kwanza wasipewe ya pili. Mjini Maskati, lango likishafungwa, atembeaye sharti abebe fanusi ajulikane ni nani. Huku Matrah hakuna anayenisimamisha, na bado mimi fanusi yangu huiwasha hata nikienda msikitini, hatua ishirini.

Kumleta jamaa kutoka Unguja ndiyo usiulize. Lazima apatikane mdhamini mwenye jina, atie saini kwamba huyo anayekuja hataleta taabu. Miaka minne nilimwomba Sheikh Saleh saini hiyo kwa ajili yako, kila Idi mosi, baada ya kumpa mkono. Kila mara alinijibu, "Tutaona, inshallah." Mwaka huu hakusema tutaona. Alisema, "Nnakwenda Saiprasi kuonana na Mzungu wa pampu. Twende ukaniandikie. Tukirudi salama, wewe na mimi, nitamtilia saini dada'ko."

Lile neno "salama" nilipaswa kulisikiliza zaidi.

Ungempenda Sheikh Saleh ukimsikia. Alikulia Chake Chake dukani kwa baba yake, na mpaka leo akighadhibika, Kiarabu humkimbia, hubaki na Kipemba. Tulipanda ndege ndogo yenye kelele mpaka Bahareni, tukabadilisha, tukabadilisha tena Beiruti, na kila tulipoteremka nilikuwa nikitembea vibaya.

"Karani, mbona wachechemea?"

"Ruhusa ya kurudi, Sheikh."

"Ipo wapi?"

"Soksini."

Akanitazama mguu. "Basi kanyaga taratibu. Usije ukafika kwenu imefutika."

Hoteli ipo peke yake juu ya majabali, mbali na mji, kwenye pwani ya bahari ile waiitayo ya Kati. Kuta zake nyeupe, madirisha ya buluu, na sakafu ya mawe yanayong'aa hata nikaona haya kwa viatu vyangu. Barazani pana viti vya henzirani, na kila kiti kina mto wake. Ndimu wamezipanda ndani ya mitungi mirefu, kama kwamba ardhi haitoshi. Wageni walikuwa wachache, wazee wa Kiingereza wawili wawili, wakisoma magazeti ya juzi na kunong'ona kama wamo matangani. Chakula kikiwa tayari hugongwa upatu, na wote huinuka pamoja bila haraka. Mzungu wa Sheikh Saleh huja hapo kila mwaka kukimbia baridi ya kwao. Alikutana nasi saa mbili kila asubuhi, wakapatana na kuvunja na kupatana tena, nami nikiandika. Baada ya hapo siku nzima haikuwa na kazi.

Chakula kilitutia wasiwasi. Hatukujua kipi kimepikwa na nini, basi siku saba tulikula samaki wa kuchoma na mayai. "Kula yai, karani," Sheikh Saleh alikuwa akinambia kila nikisita. "Yai halina dini."

Lakini cha kunishinda kilikuwa bahari yenyewe. Dada, bahari ile haijai wala haipwi. Siku ya kwanza nilikaa barazani tangu adhuhuri, nikitazama jiwe moja lililofunikwa na maji nusu, nikingoja liwe kavu au lizame. Alasiri ikaingia, jiwe liko vile vile. Nilidhani nimekosea saa. Siku ya pili nikalitazama tena. Nikakukumbuka ulivyokuwa ukinituma nichungulie kama maji yametoka, ili tukaokote chaza nyuma ya mtaa wa Malindi kabla watu hawajajaa. Wewe hukuwa na saa, ulikuwa na bahari. Pale bahari haikunambia kitu. Nilijihisi nipo mahali ambapo wakati umepewa ruhusa ya kutoka na kunyimwa ya kurudi.

Chumba changu kilikuwa namba kumi na nne, cha Sheikh kumi na tano. Walinipa ufunguo umefungwa kipande cha shaba kizito, ili mtu asiusahau mfukoni. Nilikuwa sijapata kushika ufunguo wa chumba nilalacho. Hapa Matrah, wa mlango wa chini anao mlinzi, na cha juu hakina kitasa. Nikafungua, nikafunga nyuma yangu, nikafungua tena nione kama kweli unafungua. Ndani palikuwa na kioo cha urefu wa mtu, beseni la kunawia, kengele ya kumwita mtumishi ambayo nilikaa mbali nayo nisije nikaigusa, na kitanda. Kitanda kile wangelala wote wa nyumba ya Bi Tatu, tulikolelewa. Shuka zilikuwa zimenyooshwa pasi na kuchomekwa chini ya godoro, hata nikaona ni dhambi kuzichomoa.

Hapo ndipo nilipokukumbuka wewe na ile hoteli ya Shangani. Mimi nina miaka tisa, wewe kumi na tano, umepewa kazi ya kupindia shuka zao, na mimi nabeba bunda kichwani. Tulipandia ngazi za nyuma. Mlango mmoja ulikuwa wazi, na ndani kitanda kimeachwa kama kilivyo: shuka imejisokota, mto mmoja upo chini, wa pili una alama ya kichwa. Ukasimama. Ukamwuliza dobi, mzee yule mwenye jicho moja, "Wamehama?"

"Hawajahama. Wamekwenda kuogelea."

"Hawatandiki?"

"Mwanangu, watu hawa wamekuja mbali yote ile ili wasitandike."

Uliingia ukaweka kiganja chako juu ya ile alama ya kichwa, ukakitoa upesi kama umeungua. Tulipokuwa tukishuka ngazi ulinambia neno, nami nikacheka, kisha nikalisahau. Limenirudia juzi tu, nitakwambia.

Sisi tulikuwa watu wa kutandika. Mama alipofariki na baba akaenda Bara kutafuta, asirudi, tulihamia kwa Bi Tatu, kisha kwa ami, kisha kwa Bi Tatu tena. Walitupokea kwa mikono miwili, Mungu awalipe. Lakini mlango wa ndani ulipofungwa tulisikia wakiulizana tutakaa mpaka lini. Ndipo uliponifundisha. Ulikuwa ukiniamsha kabla ya adhana, ukinifunika mdomo nisiseme. Godoro linakunjwa, shuka inakunjwa nne kisha nne, mkeka unasimamishwa nyuma ya mlango, sakafu inapigwa ufagio wa taratibu usiosikika. Tukinawa, kata inafutwa irudi kavu juu ya mtungi. Bi Tatu anapoamka anakuta ukumbi wake kama ulivyokuwa kabla hatujazaliwa. "Wasipaone ulipolala, hawatakuchoka," ulinambia. Na kweli, hawakutuchoka. Wakati mwengine Bi Tatu alikuwa akipita pale tulipokaa, akashtuka, "Aa, kumbe nyinyi mpo!"

Basi pale Saiprasi nilifanya nijuavyo. Jioni ya kwanza, kabla sijalala, niliichomoa shuka pembe moja baada ya moja, nikiangalia ilivyokunjwa, mpaka nikaijua. Asubuhi nikairudisha. Niliupiga mto mpaka ukawa mviringo. Taulo zao sikuzigusa, nilikuwa na kitambaa changu. Sabuni yao iliyofungwa kwenye karatasi ya waridi niliiacha, nikatumia yangu ya Matrah, niliyokuja nayo ndani ya kopo. Beseni nililikausha mpaka likang'aa. Mtumishi wa vyumba alikuwa mama mmoja wa makamo, amefunga kitambaa cheusi kichwani. Siku ya pili alifungua mlango, akatazama kitanda, akanitazama mimi, akatoka. Nilidhani amenipenda adabu.

Siku ya nne, baada ya chai, msimamizi wa hoteli alimwendea Sheikh Saleh barazani. Alikuwa Mgiriki aliyekulia Iskandaria, anajua Kiarabu, kwa hivyo sikuitwa kufasiri. Niliona kwa mbali uso wa Sheikh ukibadilika. Akaniita kwa bakora.

"Karani. Njoo huku mwisho."

Nikaenda.

"Unalala wapi?"

"Chumbani kwangu, Sheikh."

"Usiniongopee. Mtu huyu asema kitanda chako hakijalaliwa hata usiku mmoja tangu tuje. Taulo kavu, sabuni haikufunguliwa. Aniuliza kile chumba cha pili bado nakitaka, au kijana wangu ana kwao hapa mjini."

"Nimelala humo, wallahi."

"Usiape!" Akateremsha sauti. "Nisikilize. Kama ni mwanamke, sema. Nitakuzaba kofi moja, yaishe, tukanywe kahawa. Lakini kama ni wale..." Akageuka kuwatazama wazee wawili wa Kiingereza kama kwamba wanajua Kipemba. "Kama ni wale waliokimbia serikali, wakakaa huku na kule wakiandika makaratasi, wewe hurudi Maskati. Na mimi niliyetoka na wewe, nami sirudi. Nna watoto tisa, karani."

Mpaka siku ile nilidhani khofu ni mali ya sisi tusio na jina. Nikataka kusema neno la kumtuliza, likatoka la kwangu.

"Na saini ya dada yangu, Sheikh?"

"Saini! Waniomba nimdhamini mtu yuko Unguja, na wewe ulo mlango wa pili sijui walala wapi?"

Sikuwa na shahidi. Ndivyo ulivyonilea: nisiwe na shahidi. Nikaona miaka yangu minne ya kuomba ikiondoka kwa sababu ya pembe nne za shuka. Sijui nilipata wapi ulimi. Nilimwambia, "Twende chumbani ukaone."

Aliketi kwenye kiti, bakora kati ya magoti. Nilivua viatu nikapanda kitandani na nguo zangu, nikajilaza ubavu wa kulia, nikajigeuza, nikavuta shuka mpaka shingoni. Nilijua upuuzi wa jambo lenyewe, mtu mzima na tai yake amejifunika saa tatu ya asubuhi mbele ya tajiri wake. Kisha nikashuka nikaanza. Pembe ya kwanza, nikaikunja kama bahasha. Ya pili. Nikapitisha kiganja katikati kutoa makunyanzi, nikapiga mto, nikarudi nyuma kutazama kwa upande, kama ulivyokuwa ukitazama wewe, jicho moja limefumbwa. Nikamwonesha kopo la sabuni. Nikamwonesha kitambaa, kilikuwa bado kibichi, nimekianika ndani ya kabati.

Akakigusa kitambaa kwa ncha ya bakora.

"Nani alokufundisha haya?"

"Dada yangu. Huyo huyo Zuhura."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. "Basi huyo nitamtilia saini leo leo! Mtu wa namna hii akija Maskati, serikali haitajua kama yupo!"

Nikacheka naye, kwa furaha ya kuokoka. Neno lenyewe sikulisikia.

Akiwa mlangoni akageuka. "Lakini kesho usitandike. Hiyo amri. Utatuua sote kwa adabu zako."

Hujui ilivyokuwa asubuhi ile ya tano. Nilivaa, nikafika mlangoni, nikarudi nikaweka mto sawa, nikakumbuka amri, nikauweka upande. Nikatoka nikarudi tena. Nilipofika barazani yai nililiacha sahanini. Nilihisi kama nimetoka nusu uchi, kila mtu anajua nilivyolala, ubavu gani, nimehangaika vipi. Yule mama alipita ukumbini na shuka zangu kifuani. Aliponiona alitikisa kichwa mara moja, kwa upole, kama mtu anayeitikia salamu iliyochelewa. Nilipopanda nilikuta kitanda kipya, na kopo langu la sabuni, ambalo nililisahau wazi, limefunikwa na kuwekwa pembeni ya beseni juu ya kitambaa cheupe.

Nikakaa sakafuni nikalia. Nilijiuliza nalia nini, sababu imekwisha, saini nimepata. Labda ni kwa kuwa tangu niondoke Unguja, mtu wa kwanza kujua nimelala mahali fulani alikuwa mtu nisiyejua jina lake, na siku mbili baadaye ningeondoka.

Tulirudi salama, mimi na Sheikh Saleh na ile ruhusa, iliyokuwa imefutika kidogo kweli. Akatia saini mbele yangu. Nilipeleka hati kwa wakubwa, ikarudi na muhuri, nikaamini Mungu ameniona. Nilinunua godoro la pili, la pamba. Nikafunga kamba katikati ya chumba nikatundika pazia, upande wa dirisha wako. Nikang'oa misumari ya ukutani upande huo na kuipigilia upya, ili upate pa kutundikia baibui. Kisha nikakuandikia ile barua. Nakala ninayo, karani hapotezi nakala. Nimeandika hivi: *Njoo, dada. Kuna pa kulala. Hakuna atakayekusumbua. Utakaa kwa amani, wala mtu hatajua kama upo.*

Niliandika hayo kukutuliza. Nilichukua mzaha wa Sheikh Saleh nikakupa wewe kama zawadi.

Ukajibu mistari saba. Sihitaji kuitazama. *Ndugu yangu, hati imefika, Mungu akupe kheri. Sitakuja. Nna chumba changu Kikwajuni, nna cherehani, nna ufunguo. Asubuhi natoka nakiacha kitanda kama kilivyo. Hapa wanajua nipo.*

Kwanza nilikasirika. Nisamehe. Nilitembea chumbani nikisema kwa sauti, mpaka mlinzi akapanda kuuliza kuna nani. Nilisema, nimekaribia kupotezwa kwa ajili ya saini hii, nimejilaza na tai shingoni mbele ya tajiri wangu kama mtoto, na yeye ananambia habari za kitanda! Nililikunja godoro lako nikalitia nyuma ya mlango.

Na nilipolisimamisha pale, mkono ukiwa bado juu yake, ndipo likanirudia lile neno lako la ngazini Shangani. Ulisema, "Mimi nkiwa na kwangu, nitakiacha hivi hivi, nitoke zangu. Anotaka kujua kama nipo aje akione." Mimi nilicheka. Wewe hukucheka.

Likaja na jengine ambalo miaka hii yote nimelizunguka nisilikanyage. Ile alfajiri niliyoondoka. Ami alipata nafasi ya mtu mmoja katika jahazi la kuja huku, nawe ukasema, "Huyu anajua kusoma, aende yeye." Sikubisha, dada. Nilipaswa kubisha hata kwa uongo, nisingeshinda, lakini ungelisikia. Nilisimama tu na viatu mkononi, ukakunja godoro langu, shuka nne kisha nne, ukapiga ufagio ule usiosikika, ukaburura mtungi wa maji ukauweka pale pale nilipokuwa nikilaza kichwa. Nilidhani ni mazoea yako. Mwaka wa pili wangu hapa nikakutana na mtu wa Malindi, akanambia kwamba kesho yake walikuja wenye bunduki kumuulizia kijana wa nyumba ile. Ukawajibu hakuna kijana anayelala hapa. Wakatafuta. Wakakuta mtungi na sakafu safi.

Kwa hivyo adabu yako iliniokoa mara moja, na mara ya pili ilitaka kuniangamiza, na hiyo mara ya pili ndiyo niliyoitaka kukupa wewe ukaishi ndani yake. Ulinifuta kwa mkono wako ili nipone. Kisha ukabaki na ule ukumbi, na ule mtungi, na Bi Tatu mgonjwa, ukilala mahali ambapo uliwaambia ndugu yako hakupata kulala. Sijawahi kukuuliza ulilala vipi usiku ule. Nilikuwa nikikuuliza habari za hati, picha, na tarehe ya kuzaliwa.

Sasa najibu. Sitakwambia njoo. Nakala ya hati itakaa kwenye sanduku langu pamoja na vyeti vya shule, na ukiitaka siku yoyote, kwa sababu yako mwenyewe, ipo. Pazia nimeliondoa, kwani lilikuwa likinizuilia dirisha bila ya mtu upande wa pili. Misumari nimeiacha. Sheikh Saleh aliniuliza dada'ko anakuja lini, nikamwambia haji, amepata kwake. Akasema, "Alopata kwake hadhaminiwi." Tangu siku hiyo hajanitania juu ya kitanda, na asubuhi ananiuliza kama nimelala vizuri, anangoja nijibu.

Nina upweke, Zuhura. Nakuandikia neno hili wazi, mara ya kwanza. Nilikuwa nikidhani upweke wangu ni kwa sababu wewe hupo, na ukija utakwisha. Lakini nilikuwa nao barazani Saiprasi kati ya watu, nikitazama jiwe lisilokauka, na ninao sokoni Matrah watu wakinisukuma. Nimekaa hapa miaka yote hii kama nilivyokaa kwa Bi Tatu. Wauza halwa wananiuzia bila kuniuliza jina. Nikifa leo, mlinzi atapanda akute chumba kimefagiliwa, aone hakuna mtu, ateremke.

Leo asubuhi nimefanya jambo. Niliamka, nikaswali, nikaitazama shuka yangu muda mrefu. Mikono iliwasha. Nikatoka nikateremka ofisini nikaiacha kama ilivyo. Asubuhi yote nilikosea kupiga taipu, barua moja nimeirudia mara tatu. Adhuhuri nilipanda. Shuka ilikuwa imejisokota, mto una shimo la kichwa changu, na godoro limebonyea pale nilipolaza bega. Nikasimama mlangoni. Ilikuwa kama kuna mtu aliyekuwa akiningoja chumbani, na mtu huyo nilimjua.

Nikaweka kiganja juu ya mto. Sikukiondoa upesi.

Nisalimie mzee dobi kama yuko hai, na umwambie wewe hukwenda mbali ili usitandike. Ufunguo wako usimpe mtu.

Mimi mdogo wako,
niliyelala hapa.